Mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa: G93.1, P21 au P91.6?

SWALI: Mimi ni mtunza kumbukumbu za afya katika hospitali ya mkoa hapa Tanzania. Nimeletewa faili la mtoto mchanga. Uchungu wa mama ulichukua muda mrefu, mtoto hakulia, Apgar (alama za hali ya mtoto anapozaliwa, 0 hadi 10) ilikuwa 3 dakika ya kwanza na 5 dakika ya tano, akapumulishwa kwa ambu (mfuko wa kusukuma hewa), na siku ya pili akapata degedege. Siku ya kuruhusiwa daktari kaandika: "BA, ubongo umeathirika kwa kukosa oksijeni." Niliweka msimbo wa ugonjwa G93.1, msimamizi akalirudisha faili. Mtandaoni nikakuta P91.63, lakini kompyuta yetu inaikataa. Niweke nini? Na mtu mzima aliyekosa oksijeni kwenye upasuaji, naye ni G93.1?

JIBU: Dada yangu, msimamizi wako yuko sahihi, ingawa naona ulivyofika pale. Maneno ya daktari yanafanana kabisa na jina la G93.1: ubongo kuharibika kwa kukosa oksijeni. Tatizo ni mkia wa jina hilo, unaosema msimbo huu ni wa hali isiyoainishwa mahali pengine, na chini yake ipo orodha ya wasioruhusiwa kuingia. Mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa yumo kwenye orodha hiyo. Makazi yake ni sura ya 16 ya ICD-10, orodha ya misimbo ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, kwenye misimbo ya P.

Hiyo P91.63 ni ya Marekani. Wenzetu kule wana toleo lao lililopanuliwa, ICD-10-CM, walilolianza rasmi Oktoba 2015, na ndani yake P91.6 imegawanywa: P91.61 kwa hali nyepesi, P91.62 ya kati, P91.63 kali. Kwa kuwa malipo yao ya bima yanategemea misimbo, wameandika mno juu yake, na ukitafuta chochote mtandaoni kurasa zao ndizo zinazotangulia. Toleo la Shirika la Afya Duniani linaishia P91.6. Na kama ofisini kwenu bado mnafungua vile vitabu vizito vya 1992, hata P91.6 hutaiona, maana iliongezwa baadaye.

Sasa faili lenyewe. Alichokiandika daktari wazi ni BA, yaani asfiksia ya kuzaliwa: mtoto kukosa hewa anapozaliwa. Apgar ya dakika ya kwanza ikiwa 0 hadi 3 ni P21.0, ikiwa 4 hadi 7 ni P21.1. Wa kwako ana 3, basi P21.0 imesimama. Lakini angalia jambo moja linalowaponza wengi: kundi la P21 halitumiki kwa Apgar ndogo peke yake. Ingekuwa daktari kaandika "Apgar 3" na kunyamaza, usingekuwa na haki ya kuweka P21, hata kama moyoni unaona ni asfiksia tupu.

P91.6 ni suala jingine. Hiyo inataka daktari ataje ugonjwa wa ubongo wenyewe, ule ambao wodini huandikwa HIE, yaani ugonjwa wa ubongo unaoletwa na kukosa oksijeni na damu. "Ubongo umeathirika" haitoshi. Degedege ya siku ya pili inaweza kuletwa na sukari iliyoshuka, na homa ya uti wa mgongo, na manjano iliyozidi. Kuunganisha degedege na kukosa oksijeni ni kazi ya aliyempima mtoto, si ya aliyeshika faili.

Kwa hiyo mrudishie daktari faili, ila usimtilie jibu mdomoni. Ukiandika "Dokta, niweke HIE?" atasema ndiyo ili aondoke. Andika hivi: "Dkt., mtoto huyu: Apgar 3 na 5, kapumulishwa kwa ambu, degedege siku ya pili, glukosi (namba iliyo kwenye faili). Umeandika ubongo umeathirika. Naomba utaje utambuzi, chanzo cha degedege, na kiwango kama ulikipima." Namba zitoke kwenye faili lake, asiwe na haja ya kupekua upya. Kiwango ni zile hatua tatu za Sarnat za mwaka 1976: mtoto yuko macho kiasi gani, misuli ikoje, ananyonya au hanyonyi. Msimbo wetu hautofautishi hatua hizo, lakini daktari wa kliniki atakayempokea mtoto huyo baadaye atazihitaji kuliko msimbo wowote.

Akithibitisha HIE, na ndiyo iliyomlaza muda mwingi, P91.6 inakuwa hali kuu na P21.0 inafuata. Asipothibitisha, bakia na P21.0, na degedege uiweke P90.

Mtoto akifariki, usifunge faili lake bila kufungua la mama. Mwongozo wa vifo vya watoto wachanga wa Shirika la Afya Duniani, wa 2016, unataka hali ya mtoto na ya mama ziandikwe pamoja, na hapo uchungu ule mrefu una mahali pake. Akiishi, kisha akarudi ana miaka miwili na mtindio wa ubongo, hali kuu ni G80. Asfiksia inabaki kwenye historia.

Kuhusu mtu mzima, G93.1 inamfaa aliyesimama moyo akarudishwa (pamoja na I46.0), au aliyezama majini (T75.1). Aliyelala na jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa huongezewa T58 kwa sumu na X47 kwa ajali. Wote hao, pale tu daktari alipoandika kwamba ubongo umeharibika. Aliyezimia akaamka timamu hana G93.1. Wa upasuaji anatolewa: madhara yaliyotokana na upasuaji huenda G97.8, na mama aliyedhurika ubongo kwa dawa ya usingizi wakati wa kujifungua huenda O74.3. Lakini tukio kutokea chumba cha upasuaji hakulifanyi kuwa tokeo la upasuaji. Daktari aandike "kutokana na", na asipoandika, karatasi yako ya maswali irudi kwake kabla hujagusa kibodi.