Re: Paul Brown ana mataji 7 au 3?

Habari mkuu. Umeuliza mbona orodha moja inampa kocha Paul Brown mataji 7 akiwa Cleveland Browns, timu ya futiboli ya Kimarekani (American football), na nyingine 3. Mimi hesabu zikigongana hivyo huanza na jina la ligi. Browns walianzia ligi ya AAFC wakabeba taji misimu yote 4, 1946 hadi 1949. Ule wa 1948 hawakupoteza hata mechi moja. Ligi ikavunjika, wakahamia NFL, ligi kuu ya mchezo huo hadi leo, wakachukua 1950, 1954 na 1955. Anayesema 3 kahesabu NFL tu, na kwangu huo ni uonevu: mechi yao ya kwanza NFL waliwachapa mabingwa watetezi, Philadelphia Eagles, 35-10! Taji la 1942 alilobeba akifundisha timu ya chuo kikuu cha Ohio State liweke kando, lile ni la vyuo.