Msimu wa mabibo na njia ya kurudi nyumbani

Mjomba wangu hakuwa na gari wala pikipiki, kwa hiyo hatukuwahi kumhofia. Akienda kunywa, tulisema bora yeye anatembea kwa miguu.

Kwetu ni kando ya barabara ya Mtwara kwenda Masasi. Msimu wa mabibo, matunda ya mkorosho, uraka haukosekani, yaani pombe ya mabibo hayo, na pesa za korosho zikiingia wengine huhamia kwenye nipa, gongo la huku kwetu. Usiku mmoja wa Novemba mjomba alitoka kilabuni, akavuka barabara, lori likampiga. Alipona, ila paja halikuunga sawasawa. Siku hizi shamba lake tunamlimia sisi wapwa.

Kitu kimoja alichoniambia hakijanitoka: taa aliziona. Alidhani ziko mbali.

Pombe huiba kipimo hicho kabla hata hujaanza kuyumba. Lori la mwendo wa kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Ukisitasita sekunde tatu, limeshakula mita 66. Dereva naye, hata akiwa mzima na gari dogo lenye breki nzuri, kwa mwendo huo anahitaji mita 50 na zaidi hadi asimame. Mtu aliyevaa nguo nyeusi gizani huonekana umbali ukiwa umeshakwisha.

Ndugu yangu, kama utakunywa, panga safari ya kurudi kabla ya kikombe cha kwanza, maana baada ya cha nne hupangi tena. Usitegemee kahawa wala kujimwagia maji. Bia moja ya nusu lita huchukua kama saa mbili kutoka mwilini, na uraka hakuna anayejua ukali wake. Bodaboda aliyekuwa anakunywa nawe, mkatae. Ukilazimika kutembea, shika upande wa kulia magari yakujie usoni, na uwe na tochi. Tena usikae kwenye lami kupumzika! Usiku hubaki na joto la mchana, mlevi huiona kitanda.

Mama anayeuza uraka jirani yetu nilimwomba, akakubali: ametandika majamvi mawili barazani. Anayeyumba analala hapo mpaka kupambazuke. Mjomba ndiye hukaa njiani na mkongojo wake, akiwarudisha mmoja mmoja.