Ukienda Mkutano wa Wahunzi na Watunza Kwato, Beba Kazi Iliyokushinda

Mara ya kwanza nilipoalikwa kwenye mkutano wa wahunzi na watunza kwato, uliofanyika kwa siku mbili chini ya paa la makuti upande wa Kisauni, nilifungasha vitu vyangu kama mtu anayepeleka posa: kisu cha madafu nilichokisugua hadi kikang'aa, mbuzi ya nazi ambayo meno yake niliyachonga moja moja kwa tupa, na picha za punda wenye kwato zilizonyooka. Nilirudi nyumbani Majengo nikiwa nimesifiwa na kila mtu, na sikujua lolote ambalo sikulijua asubuhi. Mkutano uliofuata nilibeba kisu kilichopasuka na picha za punda anayechechemea. Niliona haya kuvitoa mfukoni, lakini siku hiyo moja ilinifaa kuliko mwaka mzima wa kufanya kazi peke yangu uani. Kwa hiyo ushauri wangu kwa fundi anayejiandaa kwenda mkutano wa namna hii ni kwamba abebe kile kilichomshinda, na aache nyumbani kile anachojivunia.

Nianze na kisu. Kilikuwa cha kukwangulia kwato, kile chenye ncha iliyokunjwa kama kulabu, nami nilikuwa nimekifua kutokana na springi ya lori. Chuma cha springi hufaa kwa kazi hii kwa kuwa kina kaboni ya kutosha kushika makali, tofauti na nondo za ujenzi ambazo huwezi kuwa na hakika ndani yake mna nini. Hata hivyo visu vyangu vilikuwa vikipasuka, ama siku ileile ya kuvizimisha majini, ama juma la kwanza la kazi, na mimi nilikuwa nimekwisha kuamini kwamba muuza vyuma chakavu wangu ananiuzia springi mbovu. Nilikuwa nimemlaumu mbele ya watu.

Mzee mmoja wa Lamu alikipokea kile kisu, akakivunja vipande viwili palepale juu ya fuawe bila hata kuniomba ruhusa, kisha akakisogeza kipande kimoja karibu na jicho. Sehemu ya ndani ilikuwa na punje kubwa, zinazometameta kama chumvi ya mawe.

"Unafulia wapi, mwanangu?"

"Uani, ami."

"Saa ngapi?"

"Mchana, baada ya adhuhuri."

Hakuuliza zaidi. Akaniambia nilete makaa, akapasha kipande kingine cha springi juani hadi mimi nikasema kimetosha, kisha akakiingiza haraka ndani ya kibanda kilichozibwa kwa magunia. Kule gizani chuma nilichodhani ni chekundu kilikuwa cha manjano, karibu kutoa cheche. Jua letu la Mombasa hufifisha rangi ya chuma, na fundi anayefulia juani hukiunguza kila siku huku akidhani moto wake ni mdogo. Ukiongeza hapo makaa ya vifuu, ambayo huwaka kwa ukali, na feni ya umeme badala ya mivukuto, si ajabu punje za chuma zikawa kubwa na kikakosa mshikamano.

Tiba yake haikuwa na gharama. Kwanza ni kivuli, hata cha magunia. Pili ni sumaku iliyofungwa kwenye waya: chuma kikifika nyuzijoto 770 hivi za Selsiasi huacha kuvutwa na sumaku, kwa hiyo ukikigusa na sumaku isipokishika, unakiongezea moto kidogo tu kisha unakizimisha. Tatu ni kitu cha kuzimishia. Mimi nilifundishwa kutumia maji ya bahari, na kwa baadhi ya vyuma si kosa, lakini maji ya chumvi hupoza kwa kasi kubwa mno kwa springi, nayo hupasuka. Mafuta ya kupikia yaliyopashwa kidogo yanatosha. Baada ya hapo chuma kinakuwa kigumu lakini kinavunjika kama kigae, na lazima kirudishwe kwenye joto la polepole, nyuzijoto 200 na kitu kwa muda wa saa moja au mbili, hadi kipate rangi ya manjano ya nyasi kavu. Kazi hiyo naifanya katika oveni ya mke wangu, kwa idhini yake, na kamwe si siku ya kuoka.

Kabla sijaondoka mzee aliniagiza nikamwombe radhi muuza vyuma. Nilikwenda.

Sasa nizungumzie punda, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hupoteza nafasi. Fundi husimama akaeleza kwa maneno kwamba ana punda anayechechemea, na kila aliyeko mkutanoni humpa jibu lake, kwa kuwa maneno hayo yanaweza kumaanisha mambo ishirini. Beba picha. Ukwato uoshwe na ukaushwe, punda asimame kwenye sakafu ya saruji iliyo sawa, na simu uishushe hadi chini kabisa ili lenzi iwe kimo kimoja na ukwato. Piga picha ya mbele, ya ubavuni na ya chini ya unyayo. Picha iliyopigwa na mtu aliyesimama wima hudanganya, kwani hufanya kidole, yaani sehemu ya mbele ya ukwato, kionekane kifupi hata kikiwa kirefu. Ongeza tarehe ya kila picha.

Punda niliyekuwa nikimhudumia alikuwa wa kuvuta mkokoteni wa maji. Nilikuwa nimemkata kwato mara tatu, na kila mara akachechemea zaidi. Ulipowadia wakati wa maswali, daktari wa mifugo, mama wa makamo aliyekuwa amekaa nyuma akinywa kahawa, aliziangalia picha kwa muda mrefu, kisha akauliza punda analala wapi na anasimama wapi mchana. Nikamwambia anasimama kwenye kioski cha maji, wakati madumu yanajazwa. Akacheka kwa huruma. Ukwato wa punda hunyonya maji kuliko wa farasi, maana asili ya punda ni nchi kavu, na huyu wangu alikuwa akishinda kwenye tope na kulala kwenye mkojo wake. Ndiyo maana mstari mweupe, pale ukuta wa ukwato unapokutana na unyayo, ulikuwa umegeuka mweusi na unamung'unyika. Mimi nilikuwa nikikwangua ule weusi kwa bidii hadi unyayo ukabaki mwembamba, na mnyama akawa anakanyaga kokoto kama mtu asiye na viatu.

Aliagiza iletwe kwato ya punda aliyekufa kwa ajali, iliyokatwa katikati kwa msumeno, ambayo waandaaji walikuwa wameihifadhi kwenye barafu. Baadhi yetu tulisita kuishika, na haikuwa kwa kinyaa tu, hadi zilipotolewa glavu na ndoo ya maji. Nawaomba mnaoalikwa msisite sana. Ndani yake utaona mfupa wenye umbo la ukwato mdogo, na utaona jinsi umbali kati ya mfupa huo na ardhi ulivyo mfupi, kiasi kwamba kila unapochukua kisu baada ya siku hiyo mkono wako unakuwa na adabu. Alitufundisha pia kubonyeza unyayo kwa kidole gumba: ukibonyea, acha, hata kama kazi haijapendeza machoni.

Ukuta wa ukwato hushuka chini ya sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo kosa lililofanyika juu, pale kwenye nywele, litakaa karibu mwaka mzima kabla halijafika chini na kukatwa. Kwa sababu hiyo nashauri, unapomsikiliza fundi anayesifika, umwombe akuonyeshe mnyama yuleyule baada ya miezi miwili, si picha ya siku ya kukata. Uingereza wana sheria ya mwaka 1975 inayomzuia mtu asiyesajiliwa kumvisha farasi viatu. Kwetu Pwani punda wetu wengi hawavishwi viatu kamwe, na aliye na kisu huitwa fundi, hivyo jukumu la kumpima mwalimu linabaki kwako.

Wenye ng'ombe wa maziwa nao wasidhani mkutano hauwahusu. Ng'ombe wa kufugwa bandani hatembei vya kutosha kulika kwato, na kwato ya nje ya mguu wa nyuma ndiyo huzidi kukua. Kipimo kinachotumika sana kwa Friesian mkubwa ni sentimita 7.5 kutoka kwenye nywele hadi ncha ya mbele, nami nimekichonga kipimo hicho kwenye mpini wa kisu. Wenye ngamia wa ufukweni walikuja pia, wakagundua kwamba mnyama wao hana kwato bali nyayo laini zenye kucha mbili, wakabaki kwa ajili ya pilau.

Kuna jambo la hatari ambalo sitalipitia haraka. Siku ya pili kijana mmoja alitia motoni kipande cha bomba la maji lenye zinki, nasi tukaona moshi mweupe ukipanda. Mzee wa Lamu alilichomoa kwa koleo na kulitupa mchangani kabla hajasema neno. Zinki huchemka kwenye nyuzijoto 907, na mhunzi hufika hapo bila kujua. Anayevuta moshi huo hupata homa na kutetemeka usiku, na hapa kwetu kila homa ya kutetemeka hudhaniwa kuwa malaria, mtu akanywa dawa, akapona kesho yake, na kurudi kwenye bomba lilelile. Glasi ya maziwa ambayo mafundi wa kuchomelea huisifu haizuii chochote. Uliza kuhusu kila chuma kabla ya kukitia motoni, na chenye zinki usikitie.

Kuhusu bei, chakula na vyeti sina mengi. Vyeti hung'aa ukutani, na tupa zinazouzwa mlangoni zijaribu kwanza kwenye kipande cha ukwato, kwani mimi nilirudi na moja iliyokwisha makali kwa punda wa tatu. Ukiweza, nenda na kijana anayekupulizia moto. Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, na wangu, aliyekuwa akivukuta tu, ndiye aliyekumbuka rangi ya chuma mle kibandani kuliko mimi.

Fanya zoezi moja ulilojifunza kabla juma halijaisha, la sivyo litapotea. Mimi nilianza na punda wa maji. Mwenye punda alikubali kummwagia changarawe mahali pa kusimama na kumbadilishia majani makavu kila jioni, nami nikaacha kukwangua unyayo, nikashughulikia kidole tu, nikichuchumaa karibu naye badala ya kuuinua mguu wake juu kama wa farasi. Ukwato mpya umeshuka hadi nusu sasa. Tarehe ya kumkata tena, baada ya majuma manane, imeandikwa kwa chaki mlangoni pa karakana, na kisu nitakachotumia nimekifua kutokana na springi ya muuza vyuma yuleyule.