Ua langu la viraka limetuna katikati kama bakuli

Dada habari za kazi. Nimeanza kushona viraka vya pembe sita, vile vya kukunjia kitambaa juu ya karatasi kwanza ndio unaviunganisha, nimemaliza ua moja, kiraka kimoja katikati na sita kuzunguka. Sasa ua halilali mezani, limetuna. Karatasi nilikata mwenyewe, nilichora ya kwanza nikaikata, nikaitumia kuchorea ya pili, ya pili nikachorea ya tatu, hivyo hivyo mpaka ya saba. Nikitoa karatasi si litalala?

Nzuri mdogo wangu, na tafadhali usitoe karatasi! Ukizitoa sasa hivi halitalala, litalegea tu afu hutaona tena kosa liko wapi. Mchawi umeshamtaja mwenyewe, ni hiyo ya kuchorea juu ya nakala. Kila ukizungusha penseli unaongeza unene wa mstari, kidogo sana huwezi kuona kwa macho, lakini nakala ya nakala ya nakala, ikifika ya saba imeshanenepa, na wewe unalazimisha upande mrefu uingie kwenye upande mfupi, kitambaa kitaenda wapi kama sio juu.

Kwenye ushonaji huu karatasi ndio bosi. Kitambaa unaweza kukikata ovyo ovyo hata kikawa mraba, mradi kimebaki kama milimita 6 za kukunja kila upande, lakini karatasi lazima zilingane kabisa. Kwa hiyo chora zote saba kwa ile ile ya kwanza, na hiyo ya kwanza ikate kwenye kadibodi ngumu isiliwe na penseli, ukikata pita ndani ya mstari. Zikusanye kama karata, zigongegonge mezani, pitisha kidole pembeni, inayochomoza itupe. Mimi hata zikitoka kwa mashine nazigonga hivyo.

Jingine, angalia hukuchanganya vipimo. Mtu akisema pembe sita ya sentimita 2.5 anamaanisha urefu wa upande mmoja, sio upana wa umbo zima. Hiyo ya 2.5 kutoka ncha hadi ncha ni sentimita 5, kitambaa chake kata mraba wa 6.5 utatosha. Wengi wanapotea hapa.

Ua lako fumua taratibu, vitambaa vyote vitatumika tena, hujapoteza kitu isipokuwa uzi.

Shangazi shikamoo. Eti zamani walikuwa wanatumia barua na magazeti ndani ya viraka? Nina barua za zamani na magazeti mengi, nataka nitumie.

Marahaba mwanangu. Ni kweli kabisa, na hili linanigusa sana. Uingereza kuna shuka la viraka vya hariri limeandikwa mwaka 1718, na karatasi bado zimo ndani mpaka leo. Karatasi ilikuwa adimu, kwa hiyo walikata chochote kilichoandikwa, barua, hesabu, na kazi ambazo hazikumalizika zimebaki na karatasi zake, wataalamu wanazisoma kwa nyuma kukisia kazi ilianza lini. Yaani mshonaji alikuwa anafunga tu kiraka, kumbe anaacha tarehe.

Lakini gazeti usitumie. Wino unahama ukipiga pasi, na karatasi yenyewe laini mno, ukikunja kitambaa kona inapinda nayo. Barua hizo za zamani nazo nakuomba ziache zilivyo. Tumia karatasi nzito kidogo, kama ya kadi nyembamba, hiyo ukiitoa vizuri unairudia mara kadhaa.

Kushikiza kitambaa kwenye karatasi, gundi au bandi, yaani mishono mirefu ya kushikizia?

Bandi. Gundi ya kijiti ni haraka nakubali, na kwa mtu mwenye vidole vinavyouma ni msaada mkubwa, ila weka mstari mwembamba tu, iwe ya kutoka kwa maji, na usifike ukingoni kwa sababu pale ndipo sindano inapopita. Ikizidi karatasi inagoma kutoka unaichana vipande vipande. Kwa viraka vidogo mimi napiga bandi kwenye kona peke yake, nashika mikunjo miwili ya kitambaa bila kutoboa karatasi, nahamia kona inayofuata. Bandi hiyo haitolewi, inabaki humo humo. Viraka vikubwa ndio natoboa karatasi kabisa, na hiyo nafumua mwishoni.

Nyuzi zinaonekana kwa mbele nimejitahidi wapi

Mara nyingi ni mambo matatu yamekutana, uzi mnene, sindano nene, na kushika kitambaa kingi. Chukua sindano namba 10 au 11, kumbuka namba ikipanda sindano inakonda, na uzi mwembamba wa kotoni wa rangi inayofanana na kile kitambaa cheusi zaidi kati ya viwili, au kijivu tu. Viweke viraka uso kwa uso, shika nyuzi mbili tatu za mkunjo wa kila upande, karatasi usiiguse, ukisikia sindano inakwaruza umezama sana. Mishono mitano sita kwa sentimita inatosha. Uzi usizidi mkono kutoka vidole mpaka kiwiko, na usiukaze, ukikaza mshono unajikunja na ndio hivyo hivyo maua yanatuna.

Nataka zawadi ndogo ya kumpa rafiki wiki hii, nina maua mawili tayari yamelala vizuri

Hongera! Fanya kitambaa cha kuwekea kikombe. Piga pasi maua yote karatasi zikiwa bado ndani, uache yapoe kabisa, hapo mikunjo ya pembeni itashika hata ukizitoa. Karatasi ya katikati inaweza kutoka mapema maana imeshazungukwa pande zote sita, hizi za nje subiri mpaka pasi. Zikitoka, kata flaneli, kile kitambaa laini kinene, kwa umbo la ua, punguza kidogo isichungulie, iweke katikati ya maua mawili yaliyopeana mgongo, halafu shona ukingo kwa mshono ule ule wa kuunganishia viraka. Pande za nje ni 18, kwa viraka vya 2.5 ni sentimita 45 tu za kushona, jioni moja umemaliza. Kwenye zile kona zinazoingia ndani ongeza mshono mmoja juu ya mwingine, ndipo panapofumuka kwanza.