Kabla hamjaandika "tunaomba tufikiriwe"

Wadogo zangu wa idara, nimesoma rasimu yenu ya maoni kuhusu kanuni za Ulaya za mnyororo wa ugavi. "Tunaomba" imo karibu kila aya, na hakuna kifungu hata kimoja kilichotajwa. Nawapenda, ndiyo maana nayaandika haya badala ya kuyasema tena koridoni.

1. Jisajilini ePing, mtandao wa taarifa za kanuni mpya za biashara, kwa namba za HS (namba za forodha) za bidhaa zetu, mfungue kila asubuhi. Taarifa ya TBT, ya vikwazo vya kiufundi vya biashara chini ya WTO, kwa kawaida hutoa siku 60 za maoni, na siku hizo hazisubiri kibali cha semina.

2. Wahini. Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo tulipoumia. Kanuni ya Ulaya dhidi ya ukataji misitu, Na. 2023/1115, inayokataza kuuza huko kahawa na mazao mengine yaliyotoka kwenye ardhi iliyokatwa msitu, wengi wetu Dar tulianza kuijadili 2023, ilipokwisha kupitishwa. Maoni ya umma yalikusanywa mwishoni mwa 2020, yakafika karibu milioni 1.2, na pendekezo likawekwa mezani Novemba 2021. Kamati niliyokuwamo ilikutana baada ya yote hayo. Tukaandika barua ya adabu sana: wakulima wetu ni wadogo, ni maskini, kanuni itawaumiza. Yote kweli. Tukajibiwa kwa adabu ileile kwamba wasiwasi wetu umepokelewa.

Kilichoniuma hasa nilikikuta baadaye, nilipokwenda Machame, Kilimanjaro, na kijana wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, aliyekuwa akichukua viwianishi vya mashamba kwa simu. Tulisimama kwenye kihamba, shamba la familia la Kichaga, cha mama mmoja: kahawa chini, migomba katikati, mti wa mringaringa juu ya vyote. Ramani ya setilaiti ilipaonyesha pote kijani, msitu mtupu. Mama akauliza, "Kwa hiyo nikipunguza kivuli, nimekata msitu?" Jibu lilikuwamo ndani ya kanuni yenyewe. Msitu, kwa vipimo vya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, walivyovichukua, ni eneo linalozidi nusu hekta, miti inayozidi mita 5, matawi yanayofunika zaidi ya asilimia 10, na ardhi ambayo hasa ni ya kilimo haihesabiwi. Kilimo mseto cha miti na mazao kimetajwa humo. Kihamba kiko nje ya msitu kisheria. Hoja yetu ya nguvu ilikuwa hapo: ramani isipewe nguvu kuliko kifungu, na mifumo kama kihamba itajwe kwenye miongozo tangu mwanzo. Tungeweza kuwapa picha, vipimo na historia ya Wachaga na mashamba yao. Sisi tuliandika umaskini wa yule mama, ujuzi wake tukauacha Machame.

Septemba 2023 nchi 17 zinazoendelea ziliandikia Ulaya barua ya pamoja. Ghana, Nigeria na Côte d'Ivoire zimo, sisi hatumo. Tarehe ya kuanza imeshasogezwa mara mbili, kutoka 30 Desemba 2024 hadi 2025, kisha hadi 30 Desemba 2026 kwa kampuni kubwa na za kati. Lakini tarehe ya ukomo wa ukataji, 31 Desemba 2020, ambayo msitu uliokatwa baada yake haukubaliki, iko palepale, na kila shamba letu bado linadaiwa viwianishi vyake, poligoni kamili (mchoro wa mipaka yake yote) likizidi hekta 4. Kuongezewa muda kunasaidia kujipanga. Kushiriki kutunga ni kazi nyingine, na inafanyika miaka mitatu kabla.

3. Kila lalamiko liwe na namba ya kifungu, maneno ya kufuta na maneno ya kuweka. Kwenye Codex, chombo cha viwango vya chakula duniani, kiwango hupita hatua 8, na maoni huombwa hatua ya 3 na ya 6. Mkiamka hatua ya 8, ya kupitisha, mnakwenda kupiga makofi.

4. Pigeni simu Kampala, Nairobi na Addis Ababa kabla ya kuandikia Brussels. Robusta ya Kagera na ya Uganda zote zinakaa na migomba. Nimeshaona majirani wawili wakitoa hoja zinazogongana kikao kimoja, mwenyekiti akafunga mjadala na kwenda kunywa chai.

5. Msiende kama wageni. Ufaransa ina sheria yake ya uangalizi wa kampuni tangu 2017, Ujerumani ya kwake imeanza kazi 1 Januari 2023, na mtasikia kwamba wazo la kuzibana kampuni limetoka kwao. Si kweli. Mwaka 2014 Ecuador na Afrika Kusini ndizo zilizopeleka kwenye Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa hoja ya mkataba wa kuzibana kampuni za kimataifa. Azimio 26/9 lilipita kwa kura 20 dhidi ya 14, Marekani na nchi za Ulaya zilizokuwa kwenye Baraza zikipinga. Majadiliano ya maneno ya mkataba huo bado yanaendelea Geneva. Kabla ya kugusa rasimu yenu tena, someni michango ya Kundi la Afrika kwenye vikao hivyo, kifungu kwa kifungu, kisha njooni ofisini kwangu na kalamu.