Mwezi hauombwi ruhusa, mzee wa Kipumbwi anaombwa

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza: "Sasa kila mwenye simu ni mpiga picha. Picha za mwezi, za nyota na za maisha ya mtaani zinazotumwa kila siku na watu wasio na taaluma zina thamani gani?" Swali limenigusa pabaya, maana mimi ni mmoja wa watu hao kwa zaidi ya miaka kumi. Thamani ya picha haininyimi usingizi. Kinachoninyima usingizi ni maneno yanayoandikwa chini yake.

Mwezi mtu aupige atakavyo. Hauna aibu wala wakwe. Ninachoomba tu ni asitubandikie mwezi mkubwa kama sinia juu ya Kilimanjaro halafu aseme kaupiga kwa simu. Mwezi ni mdogo: nyoosha mkono, ncha ya kidole cha mwisho inaufunika wote. Mwenye kesi ni binadamu.

Usiku wa Ijumaa, tarehe 27 Julai 2018, mwezi ulipatwa. Nilikuwa nafundisha karibu na Kipumbwi, wilaya ya Pangani. Mnaojua mambo ya pwani mnajua kwamba wavuvi wa dagaa wanategemea giza. Mwezi ukiwa mpevu taa zao hazivuti samaki, kwa hiyo siku hizo wengi wako nchi kavu wakishughulikia vyombo na nyavu. Nilishuka ufuoni na kamera yangu ya mtumba na stendi ya miguu mitatu. Watu walikuwa wametoka msikitini kusali sala ya kupatwa kwa mwezi, ile yenye rukuu mbili katika kila rakaa, na baadhi yao walirudi moja kwa moja kwenye nyavu.

Saa 4:30 usiku kivuli cha dunia kikaumeza mwezi wote. Ukawa na rangi ya tofali la kuchoma, na kando yake sayari ya Mirihi nayo nyekundu, kwani Julai hiyo Mirihi ilitukaribia kuliko wakati wowote tangu 2003. Mbalamwezi ilipofifia nyota zikatoka kwa wingi, na Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota unaokatiza anga, ikaonekana waziwazi, usiku wa mwezi mpevu! Mwezi ulikaa wote kivulini dakika 103.

Mzee mmoja alikuwa amekaa mchangani, jarife, wavu wake mkubwa, limemjaa mapajani, taa ndogo ya sola ubavuni, kifua wazi, kikoi kiunoni. Nilimwamkia, akaitikia. Ruhusa sikuomba. Niliishusha kamera hadi karibu na mchanga, nikaisimamisha wima ili mzee na mwezi waenee, nikaiweka ibaki wazi sekunde 8 na kuitega ijifyatue yenyewe, kidole changu kisiitikise. Ndani ya sekunde zile mzee aliinua uso, akautazama mwezi, akatulia kabisa. Mikono haikutulia, iliendelea kushona. Kwenye picha uso umetoka hadi kunyanzi za pembeni mwa macho, mikono imekuwa kama moshi, na nyuzi za jarife zinang'aa mpaka zinapoishia gizani. Juu kabisa kuna kitone chekundu. Sijapiga picha nyingine nzuri kama ile.

Nikaituma kwa wapenzi wenzangu wa picha, nikaandika "Kipumbwi, mwezi umepatwa." Baada ya wiki mbili ikanirudia kutoka kwa mtu nisiyemjua. Imekatwa juu, mwezi haupo. Chini imeandikwa: "Maisha magumu ya wavuvi wetu. Tuwasaidie."

Mjukuu wa yule mzee alikuwa ameshamwonyesha. Nilipokwenda kumwona hakunigombeza. Aliniuliza tu, tena taratibu: "Mwalimu, nani kaomba msaada?" Jarife lile ni lake. Mashua inayoonekana nyuma ni yake pia. Watoto watano kawasomesha kwa bahari hiyohiyo. Na lililomuuma zaidi ni lile ambalo mimi sikuliwaza hata kidogo: wakwe zake wa Tanga mjini wamemwona kifua wazi.

Tangu siku hiyo nikashika msimamo kwamba mtu hapigwi picha bila ruhusa yake. Nilipoanza kuandika jibu hili nilikusudia kuishia hapo.

Lakini tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipatwa tena, mapema zaidi, ukawa wote kivulini saa 2:30 hadi 3:52 usiku, upande wa baharini. Nilirudi Kipumbwi makusudi, nikamwomba mzee. Alifurahi, akaniambia nisubiri kidogo. Akaenda kuoga. Alirudi na kanzu iliyopigwa pasi, kofia ya viua na saa mkononi, na mwezi ulikuwa umeshaanza kutoka kivulini. Alisimama wima kama anapigwa picha ya pasipoti, macho kwenye lenzi, na nyuma yake mwezi umetoka duara jeupe lisilo na kitu. Ukiniuliza mimi kama mpiga picha, picha ile haina uhai. Yeye ameitundika sebuleni, na aliagiza nakala tatu zaidi.

Kwa hiyo jibu langu, nikijua kwamba najipinga: picha yenye thamani ni ile ya kwanza, na niliipata kwa sababu sikuomba. Siwezi kuwaambia vijana waache kupiga. Wapige, ila wamwonyeshe mwenyewe kabla hawajaituma popote, na akikataa waifute mbele yake. Watoto, wagonjwa na waliofiwa wawaache kabisa. Na waandike mahali, tarehe na kazi anayoifanya mtu, ingawa naungama kwamba hilo nalo halimzuii mwenye nia ya kukata na kuandika yake.

Usiku uleule wa Septemba nilimwuliza mzee kama naweza kuituma tena ile ya 2018, nzima, pamoja na mwezi wake, na chini niandike kwamba huyu ni mwenye mashua na jarife. Alisema atazungumza kwanza na wakwe. Bado nasubiri.