Maswali ya Wasomaji: Betty Robinson na Kijiti cha Berlin

Nimesoma kwamba Betty Robinson wa Marekani alinusurika ajali ya ndege mwaka 1931, goti likabaki halikunjiki vizuri, lakini mwaka 1936 akapata dhahabu ya Olimpiki. Aliwezaje kuchutama kwenye mstari wa kuanzia? Mwanachuo wa ualimu, Morogoro

Hakuchutama. Dhahabu ya mita 100 aliichukua Amsterdam mwaka 1928 akiwa na miaka 16, kwa sekunde 12.2. Ile ya Berlin, mwaka 1936, ni ya kupokezana vijiti, mita 100 mara nne, na humo ni mkimbiaji wa kwanza tu anayeanza kwa bastola. Wengine watatu hupokea wakiwa wima, tayari wameshaanza kukimbia. Robinson aliwekwa wa tatu: akapokea kwa Annette Rogers, akampa Helen Stephens.

Msimulie mwanafunzi wako na upande wa pili. Wajerumani walikuwa wepesi zaidi. Katika mchujo waliweka rekodi ya dunia, sekunde 46.4, Marekani ilishinda fainali kwa 46.9. Ujerumani ilikuwa inaongoza hadi Ilse Dörffeldt, mkimbiaji wao wa mwisho, alipoangusha kijiti. Kwa hiyo ujasiri wa Robinson ni wa kweli kabisa, ila medali ile iliamuliwa pia na mikono ya watu wengine.

Wasichana wangu huangusha kijiti kila mashindano. Tunakosea wapi? Mwalimu wa michezo, Iringa

Mara nyingi kosa huanza kwenye miguu, mikono hulipa tu. Anayepokea aweke alama chini, nyayo 20, kisigino kikigusa vidole, nyuma ya mahali anaposimama. Anayeleta akiikanyaga alama hiyo, mpokeaji aondoke kwa nguvu zote bila kugeuza shingo. Akifikiwa mapema na kugongwa kisigino, isogeze alama nyuma zaidi. Asipofikiwa, ilete karibu. Badilisha nyayo moja au mbili tu kila jaribio, na wajaribu kwa kasi ya mashindano. Alama iliyopimwa kwa mwendo wa kupasha misuli itawadanganya siku yenyewe.

Kijiti kisihamishwe mkono. Wa kwanza ashike kwa kulia, wa pili apokee kwa kushoto, wa tatu kwa kulia, wa nne kwa kushoto. Hivyo wa kwanza na wa tatu, wanaokimbia kwenye kona, hubaki upande wa ndani wa njia yao. Mpokeaji akishanyoosha mkono autulize. Mkono unaopapasa hewani haupewi kitu. Na kikidondoka, aliyekiangusha ndiye akiokote.

Shule yetu haina vibao vya kuanzia. Zamani walifanyaje? Msomaji, Kigoma

Walichimba. Amsterdam wakimbiaji walijichimbia vishimo kwa koleo ndogo ya mkono. Kwa mazoezi, chimba cha mbele nyayo mbili kutoka mstarini na cha nyuma nyayo tatu, kila kimoja kwenye usawa wa mguu wake. Kina kitoshe kuingiza sehemu ya mbele ya mguu, na ukuta wa nyuma uwe karibu wima, maana huo ndio unaosukumwa. Kwenye mchanga mkavu ukuta utamomonyoka mara ya kwanza tu, basi mwagia maji kidogo, shindilia, ndipo uchimbe. Mkimaliza fukieni, la sivyo wa mita 800 atavunjika kifundo.

Ni kweli fainali ile ya mita 100 ya 1928 walimaliza wanne tu? Msomaji, Mombasa

Kweli. Waliingia sita, lakini Myrtle Cook wa Kanada na Leni Schmidt wa Ujerumani waliondolewa, kila mmoja kwa kutangulia bastola mara mbili. Fanny Rosenfeld na Ethel Smith, wote wa Kanada, wakafuata nyuma ya Robinson. Kwa kanuni za leo hata hiyo mara ya pili wasingeipata.